Jinsi ya Kupanda Kilima Bila Dumu Kichwani

Ukitaka kupanda kilima hapa Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda, andaa jibu kwanza. Viatu vitafuata na maji yatafuata, lakini usipokuwa na jibu hutavuka nyumba ya kumi. Mtu anayepita alfajiri mikono mitupu, kofia kichwani, macho juu, huulizwa kila mlango: "Unaenda wapi?" Nalo ni swali la haki. Katika makazi haya kila mwendo una mzigo wake. Mwendo wa maji una dumu la lita 20. Mwendo wa kuni una panga na kamba. Mwendo wa mgao wa chakula una kadi na gunia tupu. Anayetafuta mtandao hujulikana kwa simu aliyoinyanyua juu, na anayekwenda kufunga na kuomba mlimani hujulikana kwa Biblia yake, haulizwi mara mbili. Anayepanda ili afike juu, atazame, kisha ashuke, huyo bado hana kundi.

Usiseme uongo. Usijitwishe dumu tupu ili majirani watulie, wala usisingizie maombi. Sema, "Mama Neema, natembea tu." Atauliza kuna nini huko. Mjibu kwamba utamwambia ukirudi, kisha ukirudi umwambie kweli: umeona nini, kilima kinaitwaje, kijiji gani kinaonekana upande wa pili. Mwongozo huu wote umesimama juu ya ahadi hiyo. Mwenye kusimuliwa leo huomba kwenda wiki ijayo, na kundi la matembezi huzaliwa hivyo, mlango kwa mlango.

Wapo watakaokuambia kwamba matembezi ya mlimani ni mambo ya Kasese, kwenye Rwenzori ambako kilele cha Margherita kimefika mita 5,109, au ya Kisoro chini ya Muhabura. Hiyo ni milima mikubwa, ina waongozaji na ada zake, na ni fahari ya Uganda. Lakini Mbarara yenyewe iko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na Arusha, na sijasikia mtu akikana kwamba Arusha ni mji wa mlimani. Nakivale iko chini kidogo, katika bonde la ziwa lake, lakini nayo imevuka mita 1,200. Unaishi juu tayari. Hapa hakuna ugonjwa wa mwinuko wa kuogopa. Cha kuogopa ni jua na kiu.

Hata hivyo, kabla ya kupanga mwendo, uliza kila mtu amekulia mwinuko gani. Swali hili linafaa kuliko la umri. Aliyetoka Bukavu au Goma amezoea mita 1,500 na miteremko ya kila siku. Atapanda huku anapiga soga. Aliyekulia Minembwe, juu kabisa ya mita 2,000, hatahema, ila atalalamika joto. Wa Uvira na wa Bujumbura wametoka ufukweni mwa Tanganyika, chini sana kuliko hapa, na wa Mogadishu ametoka baharini kabisa. Wapangeni hivi: wa Minembwe akae nyuma, wa Mogadishu aweke mwendo. Mkifanya kinyume, kufikia saa tatu mtakuwa makundi mawili yanayoitana kwa simu.

Sasa saa. Mkikubaliana kuondoka "saa kumi na mbili," hakikisheni ni saa kumi na mbili ya wapi. Kivu, Rwanda na Burundi ziko nyuma ya Uganda kwa saa moja, na wako wengi ambao mwili wao bado uko huko hata kama simu imekwisha kubadilika. Halafu kuna jua lenyewe. Sisi tuko magharibi mwa eneo linalotumia saa za Afrika Mashariki, kwa hiyo hapa jua huchomoza karibu na saa moja asubuhi na kuzama karibu na saa moja jioni, mwaka mzima, kwa sababu ikweta iko jirani. Maana yake jua la utosi si la saa sita, ni la saa saba. Anayejiambia saa sita na nusu kwamba ukali umekwisha, anaanza kupanda wakati mbaya kuliko wote. Ondokeni mara kunapopambazuka, mfike juu kabla ya saa nne, na saa sita iwakute mko chini ya mti au chini ya bati la mtu.

Majira nayo yana neno. Wilaya yetu ya Isingiro iko katika ukanda wa mifugo wa Uganda, nchi ya nyasi isiyo na mvua nyingi. Mvua kubwa huja Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Desemba. Wengi huchagua kiangazi cha Juni hadi Agosti kwa sababu njia ni kavu. Mimi nasema chagueni siku za mwanzo baada ya mvua kukatika. Kiangazi kikikolea, moshi wa nyasi zinazochomwa na vumbi la barabara hufunga macho, na utapanda kwa muda wa saa mbili ili uone ukungu wa rangi ya chai ya maziwa. Baada ya mvua hewa imesafishika, migomba imesimama kijani bondeni, na vilima vinaonekana kimoja nyuma ya kingine hadi upande wa Tanzania. Udongo utateleza, sawa. Kateni fimbo.

Kazi ngumu kuliko zote ni kupata siku. Ijumaa Wasomali wako msikitini. Jumamosi Waadventista wako kanisani tangu asubuhi hadi jioni. Jumapili wengine wote wako kanisani, na ibada za hapa hazina haraka. Siku ya mgao haiguswi kabisa. Atakayepanga matembezi siku hiyo atatembea peke yake. Ondoa pia siku ya soko. Zinabaki siku mbili au tatu, na ndani yake kuna shule na shamba. Msikate tamaa na msimwache mtu nje kwa sababu ya siku yake ya ibada. Zungusheni: wiki hii Jumatatu, mara nyingine Alhamisi. Nakivale ilifunguliwa mwaka 1958 na kutangazwa rasmi mwaka 1960 kwa ajili ya Watutsi waliokimbia Rwanda, ikawa mojawapo ya makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi Afrika. Leo wamo Wakongo, ambao ndio wengi, na Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea, katika kanda tatu za Base Camp, Juru na Rubondo. Kundi la matembezi linaloshindwa kubeba watu hao wote limepoteza utajiri ambao mji mwingine ungelipia.

Chakula kiwe cha pamoja. Tangu mwaka 2023, Mpango wa Chakula Duniani (WFP) ulipoanza kugawa kaya kwa makundi ya uhitaji, kuna nyumba zinazopata zaidi, zinazopata kidogo na zisizopata kabisa. Kwa hiyo asitajiwe mtu kiwango. Kila mmoja alete alichonacho, kiwekwe kwenye mfuko mmoja, na mfuko ufunguliwe na mtu mmoja aliye mwadilifu. Sambusa za Wasomali husafiri vizuri. Karanga za kukaanga, mayai ya kuchemsha, chapati, viazi vitamu vilivyopoa: vyote vinavumilia jua. Samaki wa mchuzi abaki nyumbani. Tafuteni pia bushera, kinywaji cha mtama au ulezi cha Wanyankole, kinachokata kiu na njaa kwa pamoja. Kuhusu maji sina mjadala: lita mbili kwa kila mtu, yaliyotibiwa, yaliyobebwa tangu nyumbani. Juu hakuna bomba, na maji ya madimbwi ni ya ng'ombe.

Viatu: raba za mtumba zenye meno chini. Ndala zitakuvusha barabarani, lakini kwenye changarawe ya mteremko hukatika, na kurudi pekupeku kwenye miiba ni adhabu. Vaa suruali ndefu na soksi juu yake, maana nyasi za malisho zina kupe. Jioni jikagueni, hasa watoto, nyuma ya magoti na kwenye nywele.

Kilima cha kwanza kiwe kile unachokiona ukiwa mlangoni kwako. Usianze kwa kutafuta kilima cha sifa. Umekitazama kila asubuhi ukipiga mswaki, umeona mvua ikikifunika, na bado hujui nyuma yake kuna nini. Anza hapo. Ukifika juu, tafuta paa lako. Litakuwa dogo na litafanana na mengine yote, utalitambua kwa mti au kwa rangi ya turubai la jirani, na hapo ndipo utakapoona kwa mara ya kwanza umbo la mahali unapoishi: barabara zinakutana wapi, ziwa linaingiaje kati ya vilima, kijiji kile unachokisikia kwa jina tu kiko karibu kiasi gani. Makazi yana ukubwa wa kilomita za mraba zaidi ya 180. Mtu anaweza kukaa hapa miaka mingi akijua njia tatu tu: ya maji, ya mgao na ya kanisa.

Mkishuka mtapita mashamba ya watu, na hapa ndipo matembezi hufanikiwa au huharibika. Nyasi zile ni malisho ya mtu. Migomba ile ni ada ya shule ya mtoto wa mtu. Mipaka ya ardhi kati ya makazi na wenyeji imewahi kuleta ugomvi, kwa hiyo mgeni anayekata njia katikati ya shamba hafanyi kosa dogo. Piteni kwenye njia za ng'ombe. Mkikuta geti la seng'enge au la miti, fungeni kama mlivyolikuta. Mkimkuta mwenyewe, salimieni kwanza kwa Kinyankole: "Agandi, Mzee." Subirini ajibu, hata kama mna haraka, kisha ombeni njia. Hamtanyimwa, na mara nyingi mtapewa kitu bora kuliko njia: jina la kilima, na habari ya nani alichunga hapo kabla. Liandikeni jina hilo daftarini. Ng'ombe wa Ankole wakija na pembe zao ndefu, ninyi ndio mnaopisha. Hawana ukali, ila pembe hazijui upana wa njia.

Kuni msiokote. Najua inauma kuliacha gogo kavu likilala njiani. Lakini vilima vingi vya hapa vimekwisha kubaki upara kwa sababu ya kuni na mkaa, na kundi linalorudi na mizigo ya kuni kila wiki litaonekana kuwa kundi la kuni, na milango itafungwa.

Ziwani pana sheria moja inayosimama peke yake: usitembee ukingoni gizani. Kiboko hutoka majini usiku kula nyasi na hurudi alfajiri, na hatari yake kubwa ni pale mtu anaposimama kati yake na maji. Subirini jua lipande kabisa, muulizeni mvuvi viboko wako upande gani leo, na mfuate anachosema bila kubishana. Mkikaa mbali na ukingo, kwenye mwinuko wa karibu, mtaona zaidi: mafunjo yanavyoyumba, mitumbwi inavyorudi na sato na kambale, na furukombe juu ya mti mkavu, akilia kwa sauti inayofika ng'ambo. Ziwa hili na Ziwa Mburo ni mfumo mmoja wa ardhi oevu, uliotambuliwa mwaka 2006 chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa na umuhimu wa kimataifa. Watu husafiri kutoka Ulaya kutazama ndege wa maji haya. Wewe uko hapa tayari, na hakuna anayekutoza.

Kuna jambo ambalo kiongozi wa kundi lazima alijue kabla ya kuchagua njia. Wengi wetu miguu yetu ndiyo iliyotuleta. Wapo waliovuka msitu usiku, mtoto mgongoni, bila kujua kama njia inatoka. Kwa mtu huyo, kupanda mlima na begi si burudani mpaka yeye mwenyewe aifanye hivyo. Basi muulize pembeni, si mbele ya kundi: unapenda njia ya wazi au ya vichaka? Unataka kukaa katikati? Msimshtue mtu kwa mzaha nyuma ya mti. Msikimbizane. Msikubali giza liwakute porini, hata mkiwa na tochi. Na anayetaka kugeuka nusu ya njia, ageuke na mwenzake mmoja, bila kuulizwa sababu. Nimewaona watu waliogeuka mara ya kwanza wakafika juu safari nyingine, wakakaa kwenye jiwe na kula yai lao bila haraka, hakuna anayewafukuza. Nikiulizwa matembezi haya yana faida gani, naonyesha hapo.

Mkishakuwa na miguu, nendeni Mbarara. Ni safari ya kati ya kilomita 50 na 60 kutegemea mnatokea kanda gani, kwa teksi, na inafaa kuondoka na gari la kwanza. Bebeni vitambulisho. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi uhuru wa kutembea nchini, na kadi ndiyo inayofupisha mazungumzo barabarani. Mnaotaka kulala nje ya makazi, ulizeni kwanza ofisini.

Mbarara, iliyopewa hadhi ya jiji Julai 2020, imejengwa juu ya vilima, na kwa siku moja mnaweza kuunganisha vitatu kwa miguu. Anzeni Nyamitanga asubuhi, kwenye kanisa kuu la Jimbo Kuu Katoliki. Ili kufika huko mnavuka Mto Rwizi, na hapo simameni. Mto huu unaipa Mbarara maji yake, kisha unashuka kwenda kulisha mfumo ule wa maziwa na vinamasi ambamo Ziwa Nakivale nalo limo. Uchafu unaotupwa hapa unasafiri kuelekea kwetu. Mtoto anayevuka daraja lile akiwa na wazo hilo kichwani amekwisha kujifunza jiografia ya mwaka mzima.

Kutoka hapo rudini mjini, mpande Ruharo, kilima cha kanisa kuu la Mtakatifu Yakobo la Waanglikana, kisha mmalizie Kamukuzi, ilipokuwa ikulu ya Omugabe, mfalme wa Ankole. Falme za Uganda zilifutwa mwaka 1967. Mwaka 1993 nyingine zilirudishwa, lakini Ankole haikurudishwa, na hadi leo kuna wanaoipigania na wasioitaka. Msiingie katika mabishano hayo mkiwa wageni. Sikilizeni tu, maana kila mzee mtakayemkuta ana upande wake.

Wenye nguvu zaidi wapange siku nyingine ya Biharwe, kwenye barabara ya Kampala, kama kilomita 12 kutoka mjini. Simulizi zinasema Omukama (mfalme) Olimi wa Bunyoro aliingia nchi hii na jeshi, akateka ng'ombe, na alipokuwa akiwaswaga jua likafa mchana. Jeshi likatawanyika, ng'ombe wakabaki Biharwe. Wanahistoria wameihusisha siku hiyo na kupatwa kwa jua kwa tarehe 17 Aprili 1520, na juu ya kilima pana mnara wa kumbukumbu. Chini yake ni Igongo, kituo cha utamaduni chenye jumba la makumbusho. Ukiwa pale juu saa nne asubuhi, fikiria giza likishuka ghafla juu ya malisho yale yote. Hata jeshi lenye mikuki lilikuwa na haki ya kukimbia.

Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo iacheni hadi mtakapokuwa na akiba. Ni miongoni mwa hifadhi za Uganda ambako unaruhusiwa kutembea kwa miguu kati ya pundamilia, ukiwa na askari wa wanyamapori mwenye bunduki, lakini kiingilio na malipo ya askari ni mzigo kwa kundi letu. Shule zikiandika barua mapema, zinaweza kupata nafuu. Na upande wa kusini, msiteremke ovyo kuelekea Kagera. Mto ule ni mpaka wa Tanzania. Simu ikikukaribisha kwenye mtandao wa nchi nyingine, geuka.

Kabla ya teksi ya kurudi, kunyweni maziwa. Mbarara ni kitovu cha maziwa cha Uganda, na vibanda vyake vinayauza ya moto na ya baridi, mapya na mgando. Kisha lipaneni madeni palepale stendi: nani alilipa nauli ya nani, nani alinunua maji. Madeni yakivuka usiku huua makundi. Gari liondoke lingali na mwanga wa kutosha kuwafikisha, na kiongozi ahesabu vichwa kabla ya mlango kufungwa. Safari inayofuata iongozwe na yule aliyetembea nyuma kuliko wote leo; yeye ndiye anayejua mwendo ambao kila mtu anauweza.